Shuka Nyeupe ya Dirishani

Misumari bado imo kwenye mbao za dirisha la sebule yetu, lile linalotazama barabara inayoshuka ziwani. Shemeji yangu alitaka kuing'oa, nikamwambia aiache, haimchomi mtu. Ukiipitishia kidole utakuta imebaki na nyuzi, nyuzi nyeupe zilizokauka kwa amido, ule wanga wa kukazia nguo. Hapo ndipo tulipofunga shuka ya Noeli.

Mtaani kwetu watu wananijua kwa sababu ya majina. Mtu akisahau mtoto wa tatu wa fulani aliitwa nani, au yule mzee aliyekuwa akiuza chumvi pale sokoni kabla ya vita ya kwanza ya huku kwetu, wanamwambia aende kwangu. Majina ya wanawake niliozaa nao chumba kimoja ninayo. Majina ya masista walionifundisha kusoma na kufua, kabla baba hajasema inatosha, ninayo. Lakini katika habari hii sitaandika hata moja. Nikianza na moja mengine yatalifuata kama vifaranga, na mwishowe nitafika kwa lile ambalo siwezi kuliandika. Anayesoma ataelewa mbele.

Mwanangu wa mwisho alikuwa mtu wa mawese. Alipanda boti bandarini Kalundu akateremka kusini, akanunua mafuta kwa wakulima kule Fizi, akarudi nayo kwenye bido zake, madumu ya plastiki. Bido za wafanyabiashara wote zinafanana, zote za njano, zote chafu, basi yeye alifunga kwenye mkono wa kila bido kipande cha kitambaa cha bluu, kilichotoka kwenye kitenge cha mke wake. Mke alimgombeza kwamba kitenge kinaisha kwa kukatwakatwa. Yeye akajibu kwamba kitenge kikiisha ndiyo utajua tumekuwa matajiri.

Majira ya mvua, upepo uliikuta boti aliyokuwamo ikiwa mbali na ufuko, ikapinduka. Wako waliofika pwani kwa kushikilia mbao. Wako waliookotwa wakazikwa. Bido zilielea zenyewe. Kwa muda mrefu mawimbi yalizileta moja moja, na siku moja vijana wa ufukweni wakaniletea moja yenye kitambaa cha bluu, ikiwa imejaa, kifuniko kimekazwa vizuri kama alivyokuwa akikikaza. Hawakuhitaji kuuliza ni ya nani. Niliiweka nyuma ya mlango wa chumba changu. Mafuta yake yalirudi nyumbani. Yeye hakurudi.

Kwetu, mtu akimezwa na ziwa na mwili usipatikane, wazee wanakata mgomba wenye urefu wake. Wanaufunga kwa nguo nyeupe, wanaulaza kaburini, na mama yake au dada yake anamwita kwa jina pale kwenye shimo ili ajue nyumba yake ni ipi. Baada ya hapo jina haliitwi tena jioni, maana anaweza kuamka akaanza kutafuta njia. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja kutoka Runingu na shuka mpya nyeupe chini ya kwapa. Alikaa, akanywa maji, akazunguka sana kabla ya kufika. Alizungumza habari za mpunga, za ng'ombe walioingia shambani kwake, na baadaye ndipo akasema kuhusu mgomba.

Nikamwambia, "Shemeji, minye sikuzaa mgomba."

Aliondoka bila kula, na shuka akaiacha kwenye kiti. Niliichukua nikaiweka chini kabisa ya valizi yangu, chini ya nguo za misa.

Watu walifikiri nimechanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Nilihesabu tu kama mama anavyohesabu. Ziwa lina ng'ambo, na ng'ambo kuna watu. Huenda mvuvi wa Burundi alimwokota. Huenda alipigwa kichwani na ubao akasahau kwao, akawa analima shamba la mtu bila kujua kwa nini usiku anaota mawese. Huenda yuko kifungoni mahali wasikompa telefone. Kila jioni nilisimama nyuma ya nyumba, pale ambapo ziwa linaonekana kati ya mabati ya watu, na taa za Bujumbura zinaanza kuwaka upande wa pili. Nilimwita jina lake, si kwa kelele, kwa sauti ya kumwita mtu aje kula. Na sahani yake niliifunika.

Aliyebeba uzito wa hesabu yangu ni mke wake. Mwanamke ambaye mume wake yuko safarini anasuka nywele. Mjane ananyolewa. Yeye alisuka kila Jumamosi, kwa sababu mimi nilitaka asuke. Kanisani, wamama walipokutana, hawakujua wamkalishe wapi, upande wa wajane au upande wa wenye mabwana, naye akawa anakaa kwenye benchi la mlangoni kama mtu aliyechelewa. Watu wake wa Lubarika walituma maneno, kwamba binti yao atabaki hivyo mpaka lini, si mke wala si mjane. Maneno hayo hakuniambia yeye. Niliambiwa na jirani yangu muuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, mwanamke niliyekua naye tangu tukiwa wasichana wa kuteka maji, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu.

Habari ya dirisha ilianza na mjukuu wangu mkubwa. Alikuwa na miaka tisa, na tangu boti ipinduke alikuwa amepunguza maneno, akijibu kwa kichwa. Siku moja mama yake alivuka naye mpaka kwenda Bujumbura kununua vitambaa. Waliporudi mtoto alifika akisema, na hakunyamaza hadi alipolala. Alikuwa ameona duka ambalo dirisha lake limegeuka sinema. Mwanga unatoka ndani, picha zinaonekana nje kwenye kioo, nyota inashuka, kondoo wanatembea, na watu wamesimama barabarani wanatazama bure. Alitaka nasi tufanye hivyo Noeli. Mdogo wake wa miaka minne, ambaye hakuona kitu, akaapa kwamba naye aliona.

Mke wa mwanangu akaniangalia. Nikasema sawa. Kwa mtoto aliyerudisha sauti yake, ningekubali hata kubomoa ukuta.

Kaka yake mke wa mwanangu ana projekta ya kuonyeshea watu mpira. Alituletea pamoja na waya wa kuiunganisha na telefone, akasema mashine haina shida, shida ni nguo ya dirishani. Lazima iwe nguo inayokamata mwanga bila kuuzuia. Tukaanza kutafuta.

Kwanza tulitumia rido, pazia la nailoni. Mwanga ulipita wote, ukavuka barabara, na ng'ombe wa Betlehemu akatokea kwenye ukuta wa choo cha muuza ndagala, naye akiwa ndani. Alitoka akifunga kitenge, akauliza nani amempelekea mnyama, na kama ni mahari ya binti yake basi aingie kupitia mlango wa mbele. Pili tulifumua mifuko myeupe ya unga tukaishona pamoja. Picha zilikaa vizuri, lakini maandishi ya kiwanda yalimpita Bikira Maria usoni. Tatu tulikunja chandarua mara mbili. Hapo picha zilionekana, ila zilikuwa zikitikisika na kufifia, na sura za watu zikawa kama sura zilizo chini ya maji. Nilisema kishushwe. Hakuna aliyeniuliza sababu. Mke wa mwanangu alikishusha haraka, akakikunja akiwa ameupa mlango mgongo.

Ndipo nilipoingia chumbani nikafungua valizi.

Nilikuwa nimefikiri hivi. Nguo ya kaburi inangoja kaburi. Ikiwa imelala pale chini ya valizi inangoja, basi inamvuta. Lakini nguo iliyokwisha kuchezewa kwenye sikukuu, ikaguswa na watoto, ikapigiwa makofi, haiwezi tena kurudi kuwa ya maiti. Nitaichafua kwa furaha. Nilitoka nayo sebuleni nikaiweka mezani. Mke wa mwanangu aliitambua. Siku ile shemeji alipoileta, yeye ndiye aliyemletea maji ya kunywa. Aliitazama shuka, akanitazama mimi, halafu akashika ncha moja nami nikashika nyingine, tukaikunjua.

Ilikuwa laini mno, ingelegea. Nikamwambia mkubwa aniletee muhogo. Masista ndio walionifundisha amido, kwa nguo za altare. Unakuna muhogo, unaukamua kwenye maji, unayaacha yatulie mpaka unga mweupe ulale chini, unamwaga maji ya juu, unaupika ule unga kama uji wa mgonjwa. Ukiwa mzito, nguo inapasuka kama tope la kiangazi. Ukiwa mwepesi, mwanga unapita. Tulichovya shuka, tukaikamua wawili kwa kuizungusha, tukaianika kivulini, na kabla haijakauka kabisa nikaipiga pasi ya makaa. Ilitoka ngumu, nyororo, ukiishika inalia.

Kuigongomea kwenye mbao ni kazi ya subira. Usianze na pembe. Unaanza katikati ya juu, halafu katikati ya chini, unavuta, halafu kushoto, halafu kulia, unavuta, na unaendelea hivyo hadi pembe, kila upande ukigombana na mwenzake, na nguo isifanye tumbo. Tulipomaliza mkubwa aliigonga kwa kidole ikajibu kama ngoma. Alicheka. Nilikuwa nikidhani bado ana pengo la jino mbele, kumbe jino lilikwisha kuota.

Tulipojaribu, picha zilikaa kama zimezaliwa pale. Kulikuwa na maandishi ya kuwatakia watu Noeli njema, lakini kwa kuwa mwanga ulitoka ndani, nje yalisomeka kinyume, na kijana wa pikipiki aliyesimama akauliza kama hiyo ndiyo lugha ya samaki. Tukaondoa maandishi, tukabakiza picha tu. Nyota, punda, Mtoto kwenye majani, halafu watoto wetu na nguo zao za Jumapili. Mwisho, watoto wenyewe wakaomba na papa, baba yao, awemo, kwa sababu Noeli iliyopita alikuwemo.

Foto ilikuwa kwenye telefone ya mama yao. Amevaa shati jeupe la siku ya ubatizo wa mdogo, anatazama kamera kama mtu aliyeambiwa atabasamu akakubali nusu. Nilitoka nje nimwone. Mwanangu alikuwa na kovu kwenye nyusi ya kushoto, alianguka mtoni kwenye mawe ya Mulongwe akiwa mdogo, mimi mwenyewe nilimfunga kidonda. Pale dirishani kovu lilikuwa kulia.

"Huyu si yeye," nikasema.

Mke wa mwanangu alielewa kabla sijaeleza. Alinishika mkono akaniingiza ndani, akanikalisha kwenye kigoda nyuma ya mashine, akanielekeza kwenye shuka. Kutoka ndani kovu lilikuwa mahali pake.

"Basi, mama, ukae huku ndani," akaniambia.

Mkesha wa Noeli tulijiandaa kama watu wengine wote. Shangazi wa watoto alituletea matawi ya michikichi tukayafunga pande mbili za lango. Tuliazima mabenchi kwa watu wa korali tukayapanga kando ya barabara, ili majirani watazame wakiwa wamekaa. Saa moja jioni, giza lilipoingia, tukawasha. Watoto wa mtaa wote walikuja. Punda alipotembea walipiga kelele hadi mbwa wakajibu. Sahani ya mwanangu nilikuwa nimeshaifunika, na nilikuwa nimeshamwita. Nilikaa kwenye kigoda changu, upande wa ndani, nikaangalia mgongo wa furaha yao.

Halafu kuranti ikakatika, jambo la kawaida kwetu. Watoto wa mtaa wakaguna, wengi wakakimbilia nyumbani kula. Kaka yake mke wa mwanangu akaunganisha mashine na betri. Ilipowaka tena, ilirudi na foto ya mwanangu, ikakwama hapo. Alibonyeza telefone, akazima, akawasha, picha ikawa ileile. Akasema waya umeharibika, atakimbia na pikipiki kutafuta mwingine, tumngoje. Wajukuu wangu walifurahi kwamba papa hapiti tena. Mdogo alimpa habari za viatu vyake vipya.

Kilio cha kwanza nilipokisikia nilifikiri mtoto amegongwa.

Mtu aliyekuwa anapita barabarani aliona nini? Aliona lango lenye matawi ya michikichi, na kwetu matawi hayo yanasimama langoni pa sherehe na pa msiba vilevile. Aliona mabenchi yamepangwa na watu wachache wamekaa kimya. Aliona nguo nyeupe imetandazwa dirishani ikimulikwa, na katikati yake uso mkubwa wa mtu ambaye mji mzima ulijua boti yake ilipinduka. Nani angesimama kuuliza? Foto ya mtu ikikuzwa na kuwekwa mbele ya nyumba yake, hatuulizi. Tunavua viatu.

Wa kwanza alikuwa muuza ndagala, aliyekuwa sokoni tangu asubuhi, anavuka barabara mikono kichwani, kitenge kimekazwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulia kwa siku nyingi. Nyuma yake walikuja wamama wa kanisani. Mmoja alikuwa na kuni begani, mwingine beseni la maharagwe ambayo nadhani yalikuwa ya sikukuu yake mwenyewe. Vijana wa pikipiki walizima mashine zao, wakazipanga, wakavua kofia. Watu wa korali walikuwa njiani kwenda misa ya mkesha. Walisimama, nikawasikia wanaachia wimbo wa Noeli katikati, wakaanza ule wa kumsindikiza mtu.

Nilitoka nje kuwaambia wamekosea. Muuza ndagala alinikumbatia kabla sijafungua kinywa.

"Dada yangu, minye nilijua tu. Nilijua iko siku utakubali."

"Nimekubali nini?"

"Kichwa yako ngumu kama mawe ya mlima. Unajua umetutesa? Bantu banalia kwa choo miezi yote hii, juu ya kukuogopa weye."

Nikamwambia, "Hii ni Noeli. Hii ni sinema ya batoto."

Aliniachia. Aliangalia dirisha, akaangalia matawi, akaangalia mabenchi. Nilimwona anaelewa, mkono wake ukapanda taratibu hadi mdomoni. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama nataka awaambie watu warudi. Yeye atawaambia, akasema, yeye ndiye aliyeanza, aibu ni yake.

Nikageuka kumtafuta mke wa mwanangu, ili yeye naye aseme. Alikuwa amesimama ukutani chini ya dirisha, chini kabisa ya ule uso. Kitambaa cha kichwa alikuwa amekivua, amekishika mkononi. Alikuwa analia kinywa wazi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu. Miezi yote ile alikuwa akilia kama mtu anayepika, bila mtu kugeuka kumtazama. Sasa wamama walikuwa wamemzunguka, mmoja anamshika kiuno asianguke, na yeye anasema naye, mume wake, anamwuliza alimwachia nani watoto, anamwambia kitenge kimeisha kweli na utajiri hajauona. Mkubwa alikuwa amejificha kwenye sketi yake, naye analia. Mdogo alilia kwa sababu wengine walilia.

Sikumwambia muuza ndagala awarudishe watu. Niliendelea kusimama pale.

Watu walikuwa wameshakaa chini. Moto uliwashwa uani, sijui na nani. Sufuria yangu kubwa ilitolewa jikoni bila kuniuliza, kama ilivyo haki kwenye nyumba ya msiba, na maharagwe yakaanza kuchemka. Msiba ukishakaa kwako, hauna namna ya kuufukuza. Watu waliotembea na kuni zao begani usiku wa sikukuu huwaambii wakazibebe tena. Baadaye mama mmoja alinijia, mpishi wa misiba yote ya mtaa, akaniuliza kwa adabu, "Mama, mafuta iko wapi?"

Nyumbani kulikuwa na mafuta kwenye chupa, kiasi cha samaki wa kesho. Butiki zilikuwa zimefungwa, wenyewe wako misani. Umati ule ulikuwa umejaa hadi barabarani. Nilikuwa na uwezo wa kusema hakuna. Lakini tangu nizaliwe sijaona mtu anakula maharagwe makavu kwenye msiba, na wa kwanza kuwalisha watu hivyo asingekuwa mimi, kwa mtoto wangu.

Niliposikia nimewaza neno hilo, msiba, kwa mtoto wangu, niliketi kwenye ngazi ya mlango. Sikulia bado. Nilimwita mke wa mwanangu, akaja akijifuta.

"Leta ile bido," nikamwambia.

"Bido gani, mama?"

Alijua. Nyumbani kulikuwa na moja tu. Alitaka nilitamke mwenyewe.

"Ile ya kitambaa."

Aliingia, akatoka nayo ameibeba kifuani kama unavyombeba mtoto mzito aliyelala. Kile kifuniko tulishindwa kukifungua. Mwanangu alikuwa na mikono ya nguvu, na alikuwa amekikaza akijua kitasafiri. Kijana mmoja wa pikipiki alikifungua kwa meno ya koleo. Harufu ikatoka, mawese mazuri ya Fizi, bado hayajaharibika. Yalikuwa yameganda, ikabidi bido isogezwe karibu na moto ili ilegee. Mke wa mwanangu alifungua kile kitambaa cha bluu kwenye mkono wa bido, akakifunga kwenye kifundo cha mkono wake. Mafuta yalipoanza kushuka kwenye sufuria, mekundu, polepole, ndipo nililia. Muuza ndagala alikaa nami kwenye ngazi, kichwa changu kifuani mwake, na hakusema kitu chochote, jambo ambalo najua lilimgharimu.

Watu walikula. Nami nilikula. Maharagwe yalikuwa matamu na nikaona haya kwamba yalikuwa matamu.

Kaka yake mke wa mwanangu alirudi na waya mpya, akakuta msiba. Alisimama langoni na waya mkononi. Hakuna aliyemwambia azime mashine. Tuliiacha mpaka betri ikachoka yenyewe. Uso wa mwanangu ulipungua kidogo kidogo, shati likatangulia, halafu mashavu, halafu macho, hadi ikabaki shuka tu dirishani.

Shemeji yangu aliteremka kutoka Runingu sikukuu ilipopita, na mgomba kwenye pikipiki, umefungwa kwa kamba, majani yamekwisha kukatwa. Safari hii hakuzungumza habari za mpunga. Aliulaza uani, akachukua panga, akaniuliza urefu. Wanaume walianza kubishana, huyu anasema alikuwa mrefu kama fulani, huyu anasema hapana, alikuwa mfupi kidogo. Nikawaambia wanyamaze. Nilisimama karibu na ukuta, nikanyoosha mkono juu ya kichwa changu, nikaupandisha, nikaushusha kidogo, hadi ukafika pale ambapo ulikuwa unafika nilipokuwa nikimtoa majani kwenye nywele akirudi safari. Shemeji aliweka alama ukutani kwa ncha ya panga. Akaukata mgomba hapo.

Halafu wakawa wanangoja nguo, na kila mtu akatazama mahali pengine.

Misumari sikuing'oa. Niliivuta shuka kwa mikono, ikaachia kipande kwa kipande, nyuzi zake zikabaki kwenye mbao. Ilikuwa ngumu bado, haikutaka kukunjika, ilikuwa inalia kama majani makavu. Nikasema siwezi kumfunga nguo inayomkwaruza. Niliomba maji ya uvuguvugu kwenye karai, nikailoweka, nikaikanda taratibu, pembe kwa pembe, mpaka amido yote ikatoka na maji yakawa meupe kama maziwa. Mke wa mwanangu alikuwa ananimiminia. Tuliikamua wawili kwa kuizungusha, kama tulivyofanya mara ya kwanza.

Kaburini mimi ndiye niliyemwita. Niliita kwa sauti ileile ya jioni, ya kumwita mtu aje kula. Hilo ndilo jina nililosema siwezi kuliandika. Nililiacha huko.

Mke wa mwanangu alinyolewa na wamama wa kanisa. Jumapili iliyofuata alitembea hadi benchi la wajane, wakasogea, akakaa. Sasa yuko Lubarika kwao kwa muda, na mdogo yuko naye. Mkubwa amebaki nami kwa sababu ya shule. Siku ya kuondoka, mdogo alisimama sebuleni, mkoba mgongoni, akitazama kioo, akaniuliza mimi bibi yake.

"Koko, papa ya dirisha iko wapi?"

Nikamwambia amekwenda kulala. Akauliza kama amejifunika. Nikamwambia ndiyo, amejifunika vizuri.

Watu wananiambia niweke rido pale, nyumba imekuwa uchi. Nitaweka. Sahani siifuniki tena, na jioni siendi nyuma ya nyumba. Taa za Bujumbura zikiwaka, ulimi wangu bado unapanda wenyewe hadi kwenye meno, nami naufunga. Kuranti ikiwepo, mkubwa anafanya kazi zake za shule mezani. Mimi nachukua kigoda changu, nakaa pale ilipokuwa mashine, nikilitazama dirisha kutoka ndani.